Shemeji Ameomba Maji

Malukhu, Mbale
18 Februari 2025

Mke wangu Twaibah,

Nimeandika hivyo kwa mazoea, nikataka kufuta, nikaacha. Karatasi ni moja na Muzamiru ananingoja na lori lake la unga, anapiga honi utafikiri yeye ndiye mwenye haraka peke yake Mbale nzima.

Nilifika salama. Mashine ya kusaga nimeikuta inakohoa vile vile nilivyoiacha. Masikio yangu nayo ni yale yale yaliyoharibiwa nayo, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu, nitasikia mngurumo tu. Tuendelee na barua kama zamani, kama tulivyokuwa tukifanya marehemu kaka yangu akiwa hai na akitucheka kwamba tuna makaratasi kama ofisi ya DC.

Sasa niambie. Jumamosi, siku ya dua ulipotoka eda, nilifika mlangoni kwako nikasema yale ninayosema tangu Jamiru alipokuoa: "Mke wangu, maji yangu ya kuoga yako wapi?" Jibu lako unalijua. Jibu ni kwamba kisima kimekauka, niende kwa mke mwenza wako anayenguruma huko Mbale. Maana hii mashine ndiyo mke pekee aliyebaki kunivumilia tangu yule wa kweli arudi kwao Busia. Hapo watu wanacheka, navua viatu, nakaa mkekani, tunaanza kuulizana habari za watoto na bei ya sukari. Ndivyo tulivyo. Utani mlangoni, mazungumzo mkekani.

Safari hii hukujibu. Uliinuka, ukajaza ndoo, ukaipeleka bafuni, ukaweka na sabuni. Mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyekosea nyumba. Wazee wote wananitazama. Niliona aibu kuacha maji yapoe, nikaenda kuoga.

Nilitania kwa sababu nyumba ilikuwa nzito na sikujua namna nyingine ya kuingia. Kama nilikukosea, samahani. Kama sikukukosea, mbona hukunijibu?

Shemeji yako,
Rajab


Mafubira, Jinja
24 Februari 2025

Rajab,

Wewe uko Mbale na mashine yako, hujui ulichoacha huku.

Ulipotoka bafuni watu walikunywa chai wakaondoka, ukadhani yamekwisha. Jioni ami yenu, Hajj Bruhan, aliniita mbele ya wifi Rania. Akasema, "Mwanaume naomba maji kwa nyumba ya ndugu yake marehemu. Mama napeleka. Sisi wote naona na macho. Hiyo ni neno." Rania akaongeza kwamba katika ukoo wenu tangu zamani ndivyo ilivyo: eda ikiisha, ndugu wa marehemu akaomba maji na mjane akayapeleka mbele ya wazee, basi wamekubaliana, kilichobaki ni shehe.

Nikawaambia ni utani, kila mtu anajua Rajab na mimi tunataniana. Hajj hakukasirika. Alinitazama kwa huruma. "Utani ilikuwa sawa wakati mwenyewe iko. Sasa mwenyewe hapana. Wewe natania na nani?"

Wanakuja Jumamosi baada ya Idi kulimaliza, na wewe utaitwa. Rania ameshaanza kuzungumzia pazia jipya. Anasema pia, kwa ile sauti ya upole inayonichosha, kwamba kama si wewe basi nyumba hii ni ya ukoo, na mimi na binti yangu kwetu Kamuli kupo.

Nimechoka, shemeji. Tangu Jamiru afe watu wananisemesha kama mgonjwa. Pole, kaa, kula, lala. Hata kina mama ninaokaa nao sokoni na nguo zangu za watoto wameacha kunisema kwa bei zangu. Nilikuwa nangoja siku mtu atakaponitania nijue bado niko. Ukaja ukanitania, nikashindwa kujibu.

Sasa nakuuliza bila utani, unijibu bila utani. Ulikuwa unatania?

Twaibah


Malukhu, Mbale
2 Machi 2025

Mke wangu mwenye kesi,

Ramadhani karimu. Nimeifungua jana kwa uji na tende mbili kavu, mke mwenza wako hajui kupika.

Mimi nioe? Na masikio haya? Utaniita nije kula, nitakuja kesho yake. Halafu mke mwenza wako ana wivu. Juzi ameshika kanzu ya mteja kwenye mkanda, tumeitoa bila mkono. Akisikia naleta mwingine atakula na mimi. Mwambie Hajj nimeshaolewa na mashine, na mahari ilikuwa gunia la mahindi.

Ni utani bila shaka. Nani mwenye akili zake ataposa mbele ya watu waliokuja kusoma dua, amesimama mlangoni, na vumbi la njiani mpaka kwenye kope? Hajj amekuwa mtu mzima sana, na Rania alikuwa anatafuta kazi tangu zamani. Usiwaache wakutie homa.

Lakini na wewe hujanijibu, mama. Yale maji yalikuwa ya moto. Sikuwa nimekuambia nitafika saa ngapi. Maji ya moto hayatokei yenyewe, mtu ameyaweka mekoni kabla. Naulizia tu.

Rajab


Mafubira, Jinja
11 Machi 2025

Rajab,

Nilikuuliza bila utani ukanijibu kwa utani. Hata hapo ulipoandika kwamba ni utani, umeandika katikati ya vichekesho. Nitajuaje?

Nitakueleza habari ya maji. Jamiru alipoanza kuvimba miguu, maji baridi yalimtesa. Kila siku baada ya alasiri nilimwekea sufuria mekoni, yakichemka nachanganya kwenye ndoo, nampeleka kuoga nimemshika. Amekufa, eda imeingia, eda imekwisha, na mimi bado naweka sufuria. Rania anafikiri ni ya chai. Kuna siku naitumia kwa vyombo, kuna siku namwaga tu.

Siku ile nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Sauti yako na ya kaka yako ni moja, mtu asipowatazama. Nilisikia sauti ya mwanaume mlangoni inaniita mke wangu na kuomba maji ya kuoga. Mikono ikainuka yenyewe. Nilipogeuka nikaona ni wewe, ndoo ilikuwa imeshajaa, na watu wananitazama. Ningefanya nini, niimwage? Kwa hiyo sikukupelekea wewe. Naomba usiumie.

Nimelifikiria sana neno la Hajj, na naona ana haki kidogo. Pale mlangoni hatukuwa wawili, tulikuwa watatu. Wewe unaniita mke, mimi nakufukuza, na Jamiru yuko kwenye kiti chake anacheka mpaka anakohoa. Kicheko chake ndicho kilichokuwa kikiwaambia watu kwamba haya si ya kweli. Sasa hakuna wa kucheka, na maneno yale yale mtu akiyasema ni maneno tu, kama ya mtu yeyote.

Hajj anasema atakuja Mbale mwenyewe kukuuliza. Akikuuliza mwambie hapana, yaishe. Neno moja. Ukilisema wewe watalikubali, likitoka kwangu wataliita jeuri.

Twaibah


Malukhu, Mbale
19 Machi 2025

Shemeji Twaibah,

Salaam. Natumaini wewe na mtoto hamjambo na swaumu inaendelea vizuri.

Mkanda wa mashine umekatika, nimekaa siku kadhaa bila kazi. Hajj alikuja. Alikaa kwenye gunia la pumba, akauliza mara moja tu, hakurudia. Nilimwambia tutaongea Jumamosi hiyo ya baada ya Idi tukiwa wote. Akasema vyema, akainuka.

Najua ulitaka niseme hapana. Nilikuwa nalo mdomoni. Nitakueleza siku moja, au sitakueleza. Njaa na joto vimenichosha.

Nashukuru kwa kuniambia ya maji. Nilikuwa nimeyafikiria vingine.

Rajab


Mafubira, Jinja
27 Machi 2025

Rajab,

Barua yako haina utani hata mmoja, na ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Tangu nikujue umeniita Shemeji Twaibah mara moja tu, siku uliyoleta habari kwamba mama yenu amefariki.

Unauma na kupuliza. Ninapotaka ukweli unanichekesha, ninapotaka hapana unaniandikia salamu za swaumu. Mtu mwingine angemwambia Hajj neno moja na kurudi kwenye kazi yake. Sitakuuliza tena, maana nimeshaona kwamba kwa barua huwezi kunijibu. Tutafanya hivi.

Jumamosi ile baada ya Idi, njoo. Waache wazee wakae kwanza. Simama pale pale mlangoni. Kama ulikuwa unatania, omba maji yako kwa sauti kama zamani. Mimi nitakujibu kama zamani, kisima, mke mwenza, kunguruma, yote. Nami nitacheka mwenyewe kwa niaba ya Jamiru. Hajj atakuwa ameona na kusikia kwamba ni mchezo wetu, na jambo litafia pale lilipozaliwa.

Kama hukuwa unatania, usiombe. Salimia kama watu wanavyosalimia, uingie ukae. Wao hawataelewa kitu. Nitaelewa mimi peke yangu, na hatutasemeshana habari hiyo mbele ya mtu.

Nakuomba uombe maji.

Twaibah


Mafubira, Jinja
6 Aprili 2025

Rajab,

Nilikuwa kwenye mlango wa jikoni. Jibu lilikuwa tayari, nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi nikiosha vikombe. Binti yangu aliniuliza ninacheka nini.

Ukasema, "Salaam aleikum, shemeji. Poleni na kazi." Ukavua viatu ukaingia.

Hajj alifurahi, ulimwona. Alielewa kwamba umejirudi, umeniheshimu, mambo ya maji yamekwisha. Rania alinuna kwa sababu ya pazia. Ukasema mbele yao wote kwamba wewe ndiye ndugu wa kiume wa Jamiru uliyebaki, na kwamba nyumba hii ni yangu na binti yangu na mtu asiniguse. Wakaitikia amina. Ukanywa chai, ukaulizia ada ya shule, ukaulizia sukari imefika bei gani. Tulizungumza vizuri sana, kama watu wasiofahamiana.

Wameondoka wote wanakusifu. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia ulichosema mlangoni. Nilikuwa nimekuomba uombe maji.

Nashukuru kwa nyumba. Kwa hilo lingine sijui niandike nini. Leo sikwenda sokoni, nimelala mchana kutwa.

Twaibah


Malukhu, Mbale
9 Aprili 2025

Twaibah,

Nitajaribu kuandika kama mtu wa kawaida. Univumilie, sina mazoea.

Nilikuja nikiwa na nia ya kuomba maji. Kwenye lori niliyarudia yale maneno njia nzima, Muzamiru akafikiri nasoma uradi, akazima redio. Nilipofika mlangoni nikakuona umesimama na kitambaa cha kufutia vyombo, na uso wako uko tayari. Ungejibu vizuri sana. Wote wangecheka. Na mimi ningesimama pale nikisikiliza watu wanacheka jambo ambalo kwangu si la kucheka tena. Sikuweza.

Akiwa hai kaka yangu sikukutamani. Naapa, na hilo naomba uliamini kwanza kabla ya mengine. Nilikuwa natania, narudi Mbale, nalala usingizi. Ilianza kwenye eda, ulipokuwa huandiki. Jioni nikizima mashine nilikuwa nagundua kwamba kutwa nzima nimetunga vichekesho vya kukuandikia, na hakuna pa kuvipeleka. Siku ya dua nikasema maneno yetu ya siku zote, nikayasikia mwenyewe yalivyobadilika. Ulipoinuka na ndoo nilifikiri na wewe umeyasikia na umenijibu.

Nilikuandikia kwamba nilioga kwa aibu. Aibu ilikuwapo. Lakini nilikuwa na furaha, Twaibah. Nilijimwagia yale maji nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na nje watu wanamsomea kaka yangu dua. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Kisha ukaniandikia yalikuwa maji ya nani.

Nakupenda. Nimekaa na kalamu nikitafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata. Nyumba ni yako ukikubali na ukikataa, usije ukaiweka kwenye mizani. Nijibu bila kunihurumia.

Rajab


Mafubira, Jinja
22 Aprili 2025

Rajab,

Nimekawia. Muzamiru amepita hapa akirudi Mbale, nikamwambia sina barua ya kukuletea, akaniangalia kana kwamba ameibiwa.

Hapana, Rajab.

Ningeweza kukuambia ni kwa sababu ya marehemu, au ya maneno ya watu, ungenielewa na tungebaki na adabu zetu. Lakini si hayo. Nimechoka kuwa mke. Nilimpenda kaka yako na nikamuuguza, na siwezi tena kutenganisha hayo mawili. Nikifikiria mwanaume ndani ya nyumba nafikiria ndoo, shuka za kufua, na kusikiliza mtu anavyopumua. Juzi nilisahau kuweka sufuria mekoni. Nilipokumbuka jua lilikuwa limeshazama. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, na nilipomaliza nikaona nimepumzika. Hapo ndipo nilipofika. Sitaki mwingine wa kumchemshia maji, hata akiwa mtu mwema, na wewe ni mtu mwema.

Kuna jingine, na hili ni la uchoyo wangu. Ukinioa tutakuwa watu wa mkekani. Tutazungumza ada, dawa, paa linalovuja. Mazungumzo hayo nimeyafanya miaka yote ya ndoa yangu na sina ubaya nayo. Lakini mimi nilikuwa nacheka pale mlangoni. Wewe ulikuwa unaniita mke wako na nilikuwa nakufukuza, na kwa muda ule mfupi sikuwa na mgonjwa, sikuwa na deni, nilikuwa Twaibah mwenye mdomo. Naweza kuishi bila mume. Wa kunitania sina mwingine.

Najua ninachokuomba. Nakuomba utanie juu ya kitu kinachokuuma, na mimi nijue kwamba kinakuuma, na tucheke. Ukishindwa sitakulaumu. Tutasalimiana na kuulizana bei ya sukari, nitazoea.

Lakini ukiweza, shemeji.

Twaibah


Malukhu, Mbale
18 Mei 2025

Mke wangu mkaidi,

Mkanda mpya ulifika kutoka Kenya. Mke mwenza wako amepona, ananguruma mpaka majirani wa Malukhu wamekwenda kwa mwenyekiti kushtaki. Anakusalimu. Anasema alisikia unataka kumnyang'anya mume na alikuwa amejiandaa, lakini sasa amekusamehe.

Nasikia una magauni ya Idi yamefika. Niwekee moja lenye maua na mkanda nyuma. Kipimo changu unakijua. Na usiniuzie kwa bei ya wajinga, mimi ni mume wako kwa mujibu wa Hajj Bruhan.

Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza hazikuwa na cha kucheka, nimewashia jiko. Hii nimeiandika polepole, na kuna mahali, hapo kwenye mkanda nyuma, nimecheka mwenyewe. Kwa hiyo naona inawezekana. Si kila siku, lakini inawezekana.

Nakuja Idi ya kuchinja. Nitafika alasiri, nitasimama mlangoni, na kwa kuwa umelelewa vizuri nategemea kukuta maji ya moto, sabuni na taulo safi. Nimeshasema.

Mumeo asiyetakiwa,
Rajab


Mafubira, Jinja
21 Mei 2025

Wewe mzee,

Kisima kimekauka. Nenda kwa mke mwenza wangu huyo anayenguruma, akuogeshe kwa unga.

Gauni la maua nimekuwekea. Ni la mtoto wa darasa la kwanza, litakubana kifuani lakini utavumilia. Binti yangu alinikuta jikoni nimejishika ubavu kwa kicheko, akaniuliza, "Mama, ni baba mdogo?" Nikamwambia ni yeye, amerudi.

Njoo tu. Maji ya moto siweki tena, sufuria nimempa Rania. Utaoga ya baridi kama mgeni yeyote.

Twaibah